UZI: Historia ya baa iliyopinda ya Himley (Crooked House) na watu waliokaa nyuma ya kaunta, mpaka siku katapila lilipofika

#1 mlevi_mstaafu

Wakuu, salaam.

Kwenye uzi wa majengo ya ajabu kuna mdau aliweka picha ya nyumba ya matofali mekundu imelalia upande mmoja, na chini yake watu wakatoana macho kama picha ni ya kuchezewa kwenye kompyuta. Haijachezewa. Ile ni Crooked House, baa ya kijiji cha Himley, mkoa wa Staffordshire, katikati ya Uingereza, jirani kabisa na mji wa Dudley. Nimesema ile "ni", lakini sasa haipo. Iliungua usiku wa Jumamosi tarehe 5 Agosti 2023, na Jumatatu tarehe 7 ikawa kifusi.

Mimi makazi yangu ni ukanda huu, kazi yangu ni ya kusambaza mizigo, na baa ile nimekunywa enzi zangu kabla sijastaafu ulevi. Habari ya moto dunia nzima iliisoma. Kinachonikera ni kwamba wote waliandika juu ya kuta. Hakuna aliyeuliza nani alikuwa mwenye nyumba, nani alikuwa anamimina bia, na kwa nini kwa karibu miaka 200 hao hawakuwahi kuwa mtu mmoja. Hapo ndipo stori yenyewe ilipo, na hoja yangu ni kwamba mwenye mali wa mbali ndiye aliyeiua.

Nashusha kwa vipande, nina zamu ya usiku. Msinikimbize.

#2 Kijogoo

Nimeweka kambi. Siti ya mbele kabisa.

#3 chuma_chakavu

Tiririka mkuu. Ila anza na kwa nini ilipinda, maana wengine hapa bado hatuamini.

#4 mlevi_mstaafu

Sawa, tuanze chini ya ardhi.

Nyumba ilijengwa mwaka 1765, na haikujengwa iwe baa. Ilikuwa nyumba ya shamba. Wakati huo eneo lile ni mashamba na misitu ya matajiri. Lakini chini yake kulikuwa na kitu ambacho sehemu nyingine za Uingereza hazina: tabaka la makaa ya mawe lenye unene wa futi 30 hivi, yaani kama mita 9. Wenyeji waliliita Thick Coal. Kwingine mchimbaji anachimba amejikunja kwenye tabaka la futi tatu nne. Hapa makaa yalikuwa na urefu wa nyumba ya ghorofa. Ndiyo maana ukanda huu ukaitwa Black Country, "nchi nyeusi": migodi, tanuri za chuma, viwanda vya misumari na minyororo, moshi mchana kutwa.

Uchimbaji wao ulikuwa hivi: wanachonga vyumba vikubwa ndani ya makaa, wanaacha nguzo za makaa yenyewe kushikilia dari. Baadaye wanakuja wengine, wanaona nguzo zile ni pesa imesimama bure, wanaanza kuzinyofoa. Huko juu ardhi inatitia. Makanisa yalipasuka, barabara zikazama, na nyumba hii ikaenda upande mmoja. Mwisho wa yote ncha moja ilikuwa chini kuliko nyingine kwa futi 4 hivi, mita 1.2, na mwinamo wa nyuzi kama 15. Ajabu ni kwamba haikuvunjika. Ilizama nzima nzima kama meli inayoingia maji taratibu.

Wenyeji waliiita Siden House. Siden kwa lahaja yao ni kitu kilichokwenda upande.

#5 mwana_matimba

Mkuu huo mchezo wa kunyofoa nguzo mimi naujua. Huku Geita kuna watu wanaingia kwenye duara (shimo la mgodi) lililoachwa, wanachomoa matimba (nguzo za mbao) wakauze, au wanakwangua nguzo ya mwamba kwa sababu ina dhahabu. Siku moja asubuhi unakuta shimo limejifunika. Tofauti ni kwamba huku hatukuwahi kuweka baa juu yake.

#6 Kijogoo

Mwana_matimba tulia, mnaweka gesti kabisa.

#7 Binti_Mnyalu

Nilishaona video ya gololi inapanda mlima kwenye ile baa. Ni kweli au uganga?

#8 mlevi_mstaafu

Ni kweli kwa macho, si kweli kwa gololi.

Kulikuwa na meza mbele ya dirisha. Mhudumu anakupa gololi, au wewe mwenyewe unatoa senti yako, unaiweka upande unaoonekana uko chini. Inajiviringisha polepole, inapanda, inaanguka upande wa juu. Wageni wanapiga kelele, wanarudia. Sababu ni kwamba fremu ya dirisha, mbao za ukutani, kaunta na mlango vyote vimelala upande mmoja, na jicho linachukua hivyo ndiyo kipimo cha usawa. Meza yenyewe imelala upande mwingine kidogo. Gololi inashuka kama kawaida yake, wewe ndiye unayeona kinyume. Saa ya ukutani ilikuwa hivyo hivyo, pendulamu inaning'inia wima kabisa lakini unaapa imepinda.

Ukimaliza painti mbili (glasi kubwa za bia) unatoka nje umeshika ukuta, na si kwa sababu ya bia. Au tuseme si kwa sababu ya bia peke yake.

#9 mlevi_mstaafu

Sasa wenye nyumba.

Baa ilianza karibu na mwaka 1830. Mwaka huohuo serikali ya Uingereza, chini ya Duke wa Wellington, ilipitisha sheria ya kufungulia bia: mlipa kodi yeyote angeweza kuuza bia nyumbani kwake kwa leseni ya gini 2 (pesa ya zamani ya Uingereza) kwa mwaka, bila kwenda kuwalamba miguu mahakimu wa wilaya. Shabaha ilikuwa watu waache jini (gin, ile pombe kali) warudi kwenye bia. Maelfu kwa maelfu ya sebule ziligeuka baa. Mkulima aliyekuwa na vyumba viwili vya ziada na migodi mlangoni, mnadhani angefanya nini?

Ikaitwa Glynne Arms, kwa jina la mwenye ardhi, Sir Stephen Glynne. Huyu bwana alikuwa na kasri yake Hawarden, Wales kaskazini, mbali kweli kweli na wachimbaji wa Himley. Hakuoa. Raha yake ilikuwa kuzunguka nchi akitazama makanisa ya kale na kuandika maelezo yake. Alifikia zaidi ya makanisa 5,000. Biashara hakuijua. Ardhi yake ya huku, iliyoitwa Oak Farm, ikafunguliwa kiwanda cha matofali na chuma, akamwachia wakala aendeshe. Mwaka 1847 kikafilisika kwa kishindo, na Sir Stephen akawa karibu kupoteza hadi kasri.

Na hapa anaingia mtu mnayemjua. Dada yake Sir Stephen, Catherine, aliolewa mwaka 1839 na William Gladstone, yule aliyekuja kuwa waziri mkuu mara nne. Mzigo wa deni la Oak Farm ukamwangukia shemeji. Gladstone alitumia miaka mingi akipekua hesabu za kiwanda hiki cha Black Country ili kuinusuru familia ya mkewe. Wanahistoria wanasema ndipo alipopikwa kuwa mtu wa hesabu, kisha akawa waziri wa fedha wa kutisha.

Halafu mkosi: serikali yake ilipitisha sheria ya leseni ya mwaka 1872, ikabana saa za kufungua baa. Wenye baa nchi nzima wakamgeuka. Uchaguzi wa 1874 akaanguka, na akamwandikia kaka yake kwamba wamesombwa na mafuriko ya jini na bia. Mtu ambaye ukoo wa mkewe ulikuwa umeandikwa kwenye kibao cha baa.

#10 mchumi_wa_mtaa

Hii ya Gladstone sikuijua. Nakazia. Lakini mkuu uliahidi watu wa kaunta, naona bado tuko kwa mabwana wakubwa.

#11 mlevi_mstaafu

Nakuja huko, na ni sehemu chafu kuliko zote.

Mwenye baa wa kijiji cha migodi wakati ule hakuwa mtu wa kufuta glasi na kucheka na wateja tu. Kwenye migodi ya Staffordshire kusini kulikuwa na mtu aliyeitwa butty. Kwa kwetu huyu ni mnyapara na mkandarasi kwa pamoja: anaafikiana na mwenye mgodi kutoa tani kadhaa kwa bei fulani, kisha anaajiri vijana wake mwenyewe na kuwalipa mwenyewe. Wengi wa hawa manyapara walikuwa na baa, au baa ni ya shemeji yake, au ana duka la unga na bekoni.

Mshahara unalipwa Jumamosi jioni. Wapi? Baa. Mnyapara anachelewa makusudi. Watu wamekaa tangu saa kumi, wana kiu, wanakunywa kwa deni. Ikifika saa nne usiku anaingia na noti kubwa isiyo na chenji, anampa mmoja noti ya watu watano, wakagawane. Watagawanaje bila kuvunja noti? Kwa kaunta. Na kuvunja noti kwenye kaunta hakuendi bila kununua. Asiyekunywa, Jumatatu anaambiwa kazi hakuna. Mke yuko mlangoni na mtoto mgongoni anasubiri kilichobaki.

Hili halikuwa uvumi. Bunge lilituma tume migodini, na sheria ya migodi ya mwaka 1842, ileile iliyowatoa wanawake na watoto wadogo chini ya ardhi, iliweka kifungu cha kupiga marufuku kulipa mshahara wa mchimbaji ndani ya baa. Kwa wafanyakazi wengine ikabidi wasubiri hadi sheria ya 1883.

Sisemi kila aliyeshika Glynne Arms alikuwa mnyapara wa aina hiyo. Nasema hayo ndiyo mazingira baa ile ilimozaliwa, na ukisoma vitu vya kupendeza kuhusu "baa ya kale ya kijiji cha Kiingereza" yenye moto wa kuni na mbwa amelala, kumbuka Jumamosi zile.

#12 Binti_Mnyalu

Duh. Hapo kwenye kuchelewesha mshahara makusudi nimewaona kabisa wale wasimamizi wa mashamba ya mkonge alionisimulia babu.

Naomba niulize. Mama yangu mzaa mama aliendesha kilabu cha ulanzi Iringa maisha yake yote, na kilabu kizima kilikuwa cha wanawake. Wanaume kazi yao kunywa na kugombana. Huko wanawake walikuwa wapi?

#13 mlevi_mstaafu

Swali zuri Binti Mnyalu, shikamoo ya bibi uipeleke.

Walikuwa kila mahali ila kwenye karatasi. Leseni iliandikwa jina la mume, na kwa sheria jina lake lilitakiwa lichorwe juu ya mlango ili mteja na polisi wajue nani anawajibika. Lakini mume huyohuyo mchana yuko mgodini au kwenye tanuri, maana baa ndogo haikulisha familia peke yake. Nani anafungua? Nani anapika bia, maana mwanzoni baa nyingi za hapa zilipika yao nyuma ya nyumba? Mke na mabinti. Mume akifa, mahakimu mara nyingi walimwachia mjane leseni, na ndipo ghafla jina la mwanamke linatokea juu ya mlango, mtu aliyekuwa anaendesha mahali pale miaka yote.

Dudley mpaka leo kuna baa, Old Swan ya Netherton, wenyeji wanaiita Ma Pardoe's kwa sababu ya mama mmoja, Doris Pardoe, aliyeishika kwa miongo kadhaa ya karne ya 20 na kuendelea kupika bia nyuma ya nyumba wakati nchi nzima baa za namna hiyo zilikuwa zimebaki nne tu. Dari yake ni bati la enamel lenye picha ya bata maji. Mkija nitawapeleka. Mimi nitakunywa chai.

#14 Kijogoo

Mlevi mstaafu anatupeleka baa kunywa chai. Tumekwisha.

#15 chuma_chakavu

Mkuu, niliwahi kusikia mnyongaji wa serikali ya Uingereza naye alikuwa na baa. Kweli au stori za vijiweni?

#16 mlevi_mstaafu

Kweli kabisa. Si ukanda huu, ni kaskazini, Hollinwood karibu na Oldham. Albert Pierrepoint. Baba yake mnyongaji, baba yake mkubwa mnyongaji. Baada ya vita, 1946, alichukua baa iliyoitwa Help the Poor Struggler, na jina hilo hakulibuni yeye, alilikuta. Watu walimiminika wamwone mkono unaomimina bia ukiwa ndio uleule uliowanyonga wahalifu wa kivita wa Kijerumani kule Hameln.

Mteja wake mmoja, James Corbitt, walikuwa wanaimba pamoja kaunta, wanaitana kwa utani Tish na Tosh. Corbitt akamuua mpenzi wake. Tarehe 28 Novemba 1950, gereza la Strangeways, Manchester, aliyeingia kumchukua seli ni Pierrepoint. Wakasalimiana kwa majina yale yale ya utani. Mwaka 1956 akaacha kazi ya unyongaji kwa ugomvi wa malipo, safari iliyofutwa baada ya mfungwa kusamehewa wakamlipa kiduchu. Alibaki na kazi ya baa.

Turudi Himley maana hapa tutakesha.

#17 mlevi_mstaafu

Kipande cha kampuni za bia.

Kadiri karne ya 19 ilivyoisha, viwanda vya bia viligundua kwamba njia rahisi ya kuuza bia ni kununua baa. Mnunue nyumba, mumweke mpangaji, mkataba useme: pango utanilipa mimi, na bia utanunua kwangu tu kwa bei yangu. Mpaka leo ndivyo ilivyo kwa maelfu ya baa. Ukiona mtu nyuma ya kaunta anaitwa mwenye baa, mara nyingi ana leseni na madeni; nyumba, kibao, pipa na hata bei ya pipa ni vya mtu mwingine.

Kwa ukanda huu bwana mkubwa alikuwa Wolverhampton & Dudley Breweries, iliyoundwa 1890 kwa kuunganisha viwanda vitatu, na bia yake iliitwa Banks's. Kufikia miaka ya 1940 Glynne Arms ilikuwa imepinda kiasi cha kutangazwa hatari na kupangiwa kubomolewa. Kampuni ikaiokoa. Wakaweka kuta za kuegemeza kwa nje na vyuma ndani, lakini hawakuinyoosha. Mtu fulani ofisini alikuwa na akili: aliona kwamba ubovu ndiyo bidhaa. Ikawa kivutio, mabasi ya wazee na ya watoto wa shule yakaja, jina la Crooked House likalimeza la Glynne.

#18 mchumi_wa_mtaa

Hapo sasa umejipinga mkuu. Umekuja na hoja kwamba mwenye mali wa mbali ndiye aliyeiua, halafu unatuambia mwenye mali wa mbali ndiye aliyeiokoa miaka ya 1940. Mpangaji wa kaunta angetoa wapi pesa ya vyuma? Angekuwa anaimiliki mwenyewe ingeanguka 1945.

#19 mlevi_mstaafu

Mchumi, kampuni ile haikuwa ya mbali. Wolverhampton ni maili chache kutoka pale. Wakurugenzi walikunywa bia yao kwenye baa zao. Kila painti iliyouzwa Himley ilipikwa Wolverhampton, kwa hiyo kuiokoa baa ilikuwa kuokoa soko la bia. Faida ya kaunta na faida ya kiwanda cha bia zilikuwa mfuko mmoja.

Angalia ilivyobadilika. Mwaka 1989 serikali ilitoa amri ya kuvunja ukiritimba wa viwanda vikubwa, wenye baa zaidi ya 2,000 wapunguze. Nia nzuri. Matokeo yakawa kampuni mpya ambazo hazipiki bia kabisa, zinamiliki baa kama mtu anavyomiliki fremu za maduka. Wolverhampton & Dudley yenyewe ilinunua kampuni ya Marston's mwaka 1999, na 2007 ikachukua jina hilo. Mwaka 2020 ikaingiza viwanda vyake kwenye ubia na Carlsberg, 2024 ikauza hisa zake zilizobaki kwa pauni milioni 206. Kiwanda cha Banks's cha Wolverhampton kikafungwa 2025. Sasa niambie, baa ya Himley kwa kampuni hiyo ilikuwa na thamani gani zaidi ya mstari kwenye orodha ya majengo?

#20 mchumi_wa_mtaa

Thamani yake ni ile wateja wanayoleta. Watu walipenda kuipiga picha, hawakupenda kuinywea. Marufuku ya sigara 2007, bia ya supamaketi nusu bei, korona ikafunga baa zote Machi 2020, bei ya gesi na umeme ikapanda. Baa ya kupinda iliyo mwisho wa barabara ya vumbi, huwezi kunywa ukaendesha gari, basi halifiki. Hata mimi ningeuza.

#21 Kijogoo

Mchumi kashusha chuma kizito.

#22 mlevi_mstaafu

Kuuza sina ugomvi nako. Ugomvi wangu ni wa namna ya kuuza. Mwanzoni mwa 2023 iliwekwa sokoni kwa kama pauni 675,000. Uingereza kuna sheria ya 2011 inayoruhusu wanakijiji kuomba jengo liandikishwe kuwa mali yenye thamani kwa jamii, na likiuzwa wanapewa miezi sita ya kujikusanya watafute pesa. Baa kadhaa zimeokolewa hivyo na sasa zinaendeshwa kwa hisa za wanakijiji wenyewe. Hii haikuwa imeandikishwa. Haikuwa hata kwenye orodha ya taifa ya majengo ya kihistoria. Maombi yalikuwa yamepelekwa siku chache tu kabla ya moto. Kila mtu alidhani kitu maarufu kiasi kile lazima kuna mtu anakilinda.

Mwishoni mwa Julai mauzo yakakamilika. Siku chache baadaye, usiku wa tarehe 5 Agosti, moto. Zimamoto walikuta njia ya kwenda baa imezibwa na rundo la udongo, wakavuta mabomba kwa umbali mrefu. Kuta zilibaki zimesimama. Polisi wa Staffordshire walisema wanauchunguza kama moto wa kuchomwa makusudi, na watu sita walikamatwa. Nani alifanya nini ni kazi ya polisi na mahakama, mimi siingii humo na naomba uzi huu usiingie humo.

Jumatatu katapila likaangusha kila kitu. Halmashauri ya South Staffordshire ikasema ilikuwa imekubali sehemu fulani za ghorofa ya juu tu ziondolewe kwa usalama, si jengo zima. Tangu 2017 kubomoa baa Uingereza kunahitaji kibali cha mipango miji, na kibali hakikuwapo.

#23 mwana_matimba

Watu wa pale walifanyaje?

#24 mlevi_mstaafu

Walikuja. Nilipita na gari la kazi wiki hiyo, kulikuwa na foleni ya magari mpaka barabara kuu. Wazee walikuwa wanaokota matofali, mama mmoja ameshika lake kifuani amefunga kwa mtandio, anasema harusi yake ilifanyikia mle. Mwanzoni watu waliondoka na matofali kama kumbukumbu, kisha wito ukatoka yarudishwe, yasiondolewe tena, yatahitajika kwa kujengea. Yakahesabiwa na kuhifadhiwa zaidi ya 20,000. Meya wa West Midlands wa wakati huo, Andy Street, akasimama kidete kwamba ijengwe upya tofali kwa tofali.

Tarehe 27 Februari 2024 halmashauri ikatoa amri rasmi: wamiliki waijenge upya iwe kama ilivyokuwa kabla ya moto, ndani ya miaka mitatu. Wamiliki wakakata rufaa.

#25 chuma_chakavu

Ngoja kwanza. Kama ilivyokuwa, yaani ijengwe IMEPINDA? Fundi anapigaje pima maji hapo?

#26 mlevi_mstaafu

Hahaha, ndivyo. Lakini kiufundi si kitendawili kikubwa. Jengo lilikuwa limepigwa picha na kupimwa kila kona kwa miaka, na nguvu haikuwa kwenye mwinamo, ilikuwa kwenye zile kuta za kuegemeza na vyuma. Ukijenga fremu ya chuma iliyosimama sawasawa ndani ya msingi mzuri, matofali unayavisha kwa mwinamo unaoutaka. Kazi kubwa ni msingi, kwa sababu kule chini bado kuna vyumba vya karne ya 19.

#27 Binti_Mnyalu

Na nani atakaa nyuma ya kaunta? Maana naona amri inasema nyumba, haisemi mtu.

#28 mlevi_mstaafu

Binti Mnyalu umegonga penyewe. Sheria inaweza kumlazimisha mtu arudishe kuta, haiwezi kumlazimisha auze bia. Ndiyo maana namsisitizia Mchumi kwamba suala ni umiliki. Wakijenga halafu waifunge, amri itakuwa imetimizwa.

#29 mchumi_wa_mtaa

Sasa hapo tunakubaliana kidogo. Ila bado nasema wanakijiji wangepewa hiyo miezi sita wasingefikisha pauni 675,000. Kuna mfano wowote wa amri kama hiyo kufanya kazi, au ni karatasi tu?

#30 mlevi_mstaafu

Upo. Carlton Tavern, Maida Vale, London. Ilijengwa miaka ya 1920 kwa kampuni ya bia ya Charrington. Aprili 2015 wamiliki waliivunja bila kibali, na hiyo nayo ilikuwa inafikiriwa kuorodheshwa na taifa siku hizohizo. Halmashauri ya Westminster ikaamuru ijengwe upya tofali kwa tofali. Wengi walicheka. Bahati nzuri watu wa urithi wa majengo walikuwa wameshachukua nakala za plasta za vigae na mapambo yake kabla ya kuvunjwa. Ikajengwa, na ikafunguliwa tena Aprili 2021, na bia inauzwa.

Tofauti yake na Himley, nakiri, ni kwamba ile iko katikati ya London, wateja wanapita mlangoni kwa miguu.

#31 Kijogoo

Mkuu mimi nina binamu London, nitamwambia aende akapige picha Carlton Tavern aweke hapa. Na mwana_matimba aanzishe uzi wa ile gesti yenu juu ya duara.

#32 mwana_matimba

Gesti ipo. Ila mwenye nyumba anasoma humu.